Kuvuta gari bovu kwa kamba: breki iko kwa wa nyuma

Haipiti wiki hapa Pemba bila ya mtu kuniuliza masuali yale yale. La kwanza: "Fundi, gari imenizimikia Mtambile, naivuta vipi mpaka Chake?" La pili: "Nani akanyage breki, mimi au yule anayenivuta?" La tatu huja baada ya siku mbili: "Fundi, bampa ya ami imepasuka, utaweza kuiunga?" Hilo la tatu lisingekuwepo kama la pili lingepata jibu mapema. Basi nimeona niandike mara moja, nikiulizwa tena nitoe hii.

Jibu la suali la pili ni hili: wa nyuma ndiye mwenye breki. Kamba inajua kuvuta, haijui kuzuia. Wa mbele akipunguza mwendo, kamba inalegea, na baina ya gari lake na lako hapana kitu ila hewa. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa gari hukata mita 5 na nusu kila sekunde, na kamba yako ina mita 4. Piga hesabu mwenyewe.

Wamarekani wana magari makubwa ya kuishi ndani, nyumba nzima juu ya magurudumu yenye kitanda, jiko na choo. Nyuma yake huvuta kigari kidogo cha kuendea sokoni wakishaegesha. Hicho kigari ndani hakina mtu, basi wengi huweka sanduku mbele ya kiti cha dereva, lenye mkono wa chuma ulioshika pedeli ya breki. Gari kubwa likipunguza mwendo, sanduku linahisi na kukanyaga pedeli. Kuna na kiwaya pembeni: kigari kikichopoka, kiwaya kinang'oa pini na breki zinajifunga. Tena wenzetu hao hawatumii kamba, wanatumia fimbo ya chuma isiyopinda baina ya magari mawili. Pamoja na chuma chao bado wanataka breki nyuma.

Sisi sanduku hatuna. Sanduku letu ni mtu aliyekaa kwenye usukani wa gari bovu, na kosa letu kubwa ni kumuweka pale yeyote aliyekuwa karibu, hata kijana ambaye hajapata kuendesha, kwa sababu "yeye atakaa tu". Mwenye uzoefu zaidi kati yenu ndiye akae nyuma. Wa mbele kazi yake ni kwenda polepole, na hilo ukimsimamia vizuri hata dereva mgeni ataliweza.

Kabla ya kamba: gari lenyewe linavutika?

Magari mengine hayavutwi kwa kamba, na ni bora ujue sasa kuliko kujua gereji.

Gari lisilo na breki halivutwi kwa kamba. Hata kidogo, hata "hapo tu". Kama breki ndiyo iliyokufa, tafuta chuma cha kuvutia na gari la mbele lililo zito kuliko lako, au litafutie gari la kulibeba. Chuma kinavuta na kinazuia, kwa hivyo breki za gari la mbele zinafanya kazi ya magari mawili. Hata hapo nenda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, na mteremko mkali usiuteremke.

Gari la otomatiki lina balaa lake. Gia yake hulainishwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizima pampu imelala, huku magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani bila ya mafuta kufika. Vitabu vya magari mengi huruhusu masafa mafupi kwa mwendo mdogo, na kila gari lina kiwango chake, basi fungua kitabu chake usome. Kama huna kitabu, usivuke kilomita chache. Kutoka Konde mpaka Chake si kilomita chache. Kama gari huzungusha magurudumu ya mbele, kama zilivyo Vitz na IST nyingi, likiinuliwa mbele magurudumu ya nyuma yanaweza kuzunguka salama.

Gari linalotumia petroli na umeme pamoja, mfano wa Prius, usilivute magurudumu ya mbele yakiwa chini. Yale magurudumu yameungana na mota za umeme, na yakizunguka yanazalisha umeme hata kama gari umelizima. Hilo libebwe juu.

Gari la gia za mkono ndilo rafiki wa kamba. Weka gia huru, twende.

Unavyohitaji

Kamba ya nailoni nene, ile ya mabaharia, ya kukupa mita 4 hadi 5 baina ya magari baada ya kufungwa. Nailoni inavutika kidogo, kwa hivyo inameza mshituko wa kuondoka. Mkanda maalumu wa kuvutia gari ni bora zaidi ukiupata. Kamba ya usumba waachie wenye kufunga makuti. Najua ni imara na najua bibi yako ameisokota kwa mkono wake, lakini gari haliwezi. Mnyororo nao siupendi: hauvutiki hata kidogo, kila mshituko unapiga chesisi.

Kuhusu urefu, watu wengi hufikiri kamba ndefu ni salama zaidi kwa sababu inakupa nafasi ya kusimama. Kamba ndefu inalegea zaidi, inaburura chini, na kwenye kona inakata upande wa ndani. Uingereza sheria yao haitaki nafasi baina ya magari mawili izidi mita 4.5, na ikizidi mita 1.5 kamba lazima ionekane wazi. Hapa kwetu funga kitambaa chekundu katikati, kwa ajili ya mwenye bodaboda atakayetaka kupita baina yenu. Atatokea, usiwe na shaka.

Vitu vingine: ndoano ya kuvutia ya kila gari, shakeli mbili (pete za chuma zenye pini, za kuungia kamba) kama zipo, glavu, gunia kuukuu au blanketi, vipande viwili vya mti vya kuzuia magurudumu, simu mbili zenye chaji na filimbi. Filimbi utacheka, lakini gari lenye betri iliyokufa honi yake haipigi. Ongeza mtu wa tatu akae gari la mbele atazame nyuma muda wote.

Gari la mbele liwe na uzito sawa na la nyuma au zaidi. Vitz kuvuta Noah ni kujitafutia aibu.

Hatua kwa hatua

1. Zuieni magurudumu ya gari bovu kwa vipande vya mti, kisha tafuta mahali pa kufunga. Magari mengi yaliyotoka Japani yana pete ya kuvutia ndani ya buti, pamoja na jeki. Kwenye bampa kuna kifuniko kidogo cha mraba au cha duara. King'oe, utaona tundu lenye nyuzi. Ikaze pete mpaka ifike mwisho, kisha ingiza spana ya magurudumu ndani yake umalizie. Pete iliyokazwa nusu huchopoka ikiruka kama risasi.

Hapa ndipo watu wanapokosea sana. Chini ya magari hayo utaona vindoano vyembamba vilivyopinda, na utafurahi ukidhani umepata. Vingi vyake ni vya kufungia gari lisicheze ndani ya meli. Vinavuta kwenda chini, havikutengenezwa kuvutwa kwenda mbele. Vilevile usifunge kwenye bampa, kwenye mikono ya magurudumu, wala kwenye vyuma vya usukani. Nimeshaona gari lililofika gereji magurudumu yake ya mbele yanatazamana, moja Wete moja Mkoani.

2. Funga kamba. Mwenye shakeli atumie shakeli. Asiyekuwa nayo amwite mvuvi yeyote amfungie fundo lisilokaza likishavutwa. Fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba kwa kiasi kikubwa, basi usiunge vipande viwili katikati. Lowesha lile gunia, lilaze juu ya kamba katikati. Kamba ikikatika, gunia litaishusha chini badala ya kumfuata mtu usoni.

3. Ingia gari la nyuma, tia ufunguo, uzungushe mpaka taa za dashibodi ziwake. Usiuache mahali pa kufungia usukani. Hili rudia mara mbili: usukani ukijifunga kwenye kona, hapana fundi atakayekusaidia. Gari la kubonyeza kitufe ambalo betri yake imekufa linaweza kukataa kabisa kufungua usukani. Lipelekee betri ya kuazima kwanza.

4. Kama injini inawaka lakini gari haliendi, tuseme klachi imekufa, iache iwake. Utakuwa na breki nyepesi na usukani mwepesi, nusu ya shida imeondoka. Kama haiwaki, soma hatua inayofuata kwa makini kuliko zote.

5. Izoee breki iliyokufa msaada wake. Nyuma ya tangi la mafuta ya breki kuna kopo kubwa jeusi la duara. Hilo hutumia mvuto wa hewa unaotokana na injini kuusaidia mguu wako. Injini ikizima, kopo hubaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, halafu basi. Pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Breki bado ipo, lakini sasa inataka nguvu yako yote.

Basi kabla hamjaondoka, kanyaga pedeli mara tano ukiwa umesimama, akiba iishe. Sogeza kiti mbele mpaka goti lako libaki limekunjika hata ukikanyaga mpaka mwisho. Kisha ondoeni vizuizi, wenzako wakusukume mita tano, na wewe usimamishe gari. Rudia. Rudia tena. Kama huwezi kulisimamisha likisukumwa na watu watatu, shuka, mpe kiti mwengine.

Mimi mwenyewe somo hili nililipata kwa bampa. Nilikuwa kijana, ami yangu ananivuta kutoka Mkoani kwa pikapu. Miteremko miwili ya mwanzo breki ilishika vizuri, nikajiona dereva. Wa tatu pedeli ikagoma kushuka. Nikadhani breki imejifunga, nikainua mguu. Tuliposimama nilikuwa nimeingia kwenye bampa ya nyuma ya pikapu. Ami alishuka, akatazama, akaniambia kwa upole ule unaoumiza kuliko kofi: "Mwanangu, breki haijafa. Imekuwa nzito tu. Ungekanyaga kwa miguu miwili."

6. Jaribu hendibreki. Kwenye magari mengi ile hutumia waya na haihitaji injini, kwa hivyo ndiyo akiba yako. Shika mkono wake huku umebonyeza kitufe cha kichwani, ili uweze kuvuta na kuachia. Ukivuta ghafla na kuachia kitufe, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga, na kwenye barabara mbichi gari litageuka ubavu.

7. Kubalianeni ishara. Maneno "tutaelewana njiani" yameshavunja taa nyingi. Sisi hutumia hizi: mkono wa dereva wa mbele nje ya dirisha, kiganja kikishuka chini, maana yake napunguza. Mkono juu umesimama, nasimama. Filimbi moja kutoka nyuma, punguza. Filimbi mfululizo, simama sasa hivi. Simu iwe hewani kwa sauti kubwa, ishikwe na yule mtu wa tatu, si na dereva. Na mkumbuke kuwa taa zote nne zikiwaka kwa pamoja, taa ya kuashiria kona haionekani, mkono nje.

8. Wa mbele aingize gia ya kwanza, asogee taratibu mpaka kamba ikaze, asimame kidogo, ndipo aondoke. Wa nyuma ameshaweka gia huru na ameachia hendibreki. Ukisikia "twaa!" wakati wa kuondoka, mmekosea, simameni mtazame pete na fundo kabla ya kuendelea.

9. Safarini, wa nyuma ana jambo moja tu: kamba isilegee. Usitazame taa za breki za mwenzako peke yake, itazame kamba. Ikianza kushuka tumboni, gusa breki kidogo ikaze tena. Wa mbele akitaka kupunguza, kwanza anatoa mkono, anaachia mafuta, anahesabu moja mbili, ndipo aguse pedeli. Ndani ya hizo moja mbili wewe wa nyuma umeshaanza kukanyaga. Mkilifanya vizuri wa mbele atahisi kama ana nanga nyuma yake, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mwendo: 20 hadi 25 kwa saa. Daladala zitawapigia honi. Waacheni wapite.

10. Miteremko. Unguja sehemu kubwa ni tambarare, kwa hivyo mtu wa Mwanakwerekwe anaweza kuvuta gari miaka bila ya kujua kuwa hajui. Pemba haikusamehe. Barabara ya Mkoani hadi Chake inapanda na kushuka na kupinda njia nzima. Kwenye mteremko wa asilimia 10, gari la tani 1 na nusu linataka kwenda lenyewe kwa nguvu kama ya kilo 150 zinazosukuma kutoka nyuma, na hazichoki.

Wa mbele aingize gia ya pili au ya kwanza kabla ya kufika kileleni, si baada ya kuanza kushuka. Wa nyuma aanze kukanyaga pale pale juu, kidogo kidogo, akishikilia mfululizo ili wa mbele alazimike kumburura chini. Ndiyo, kumburura. Watu huona ajabu kuvuta gari kwenye mteremko, lakini kamba iliyokaza ndiyo iliyo salama.

Ukisikia harufu ya kuungua, au pedeli inataka nguvu zaidi kuliko mteremko uliopita, breki zimepata moto. Simameni mahali tambarare robo saa au zaidi. Usimwagie maji, chuma cha moto kikipata maji baridi hupinda au hupasuka.

11. Kona na matuta. Wa mbele aichukue kona kwa upana, kwa sababu gari la nyuma hukata ndani. Usukani bila ya injini ni mzito sana gari likiwa limesimama na hupungua uzito likitembea, basi anza kuzungusha mapema na kwa mikono miwili. Kwenye tuta, wa mbele akishavuka asiongeze mafuta mpaka wa nyuma naye avuke. Kwa mnaopita Jozani kule Unguja, matuta yale yamewekwa kwa ajili ya kima punju wanaokatiza barabara, na kima hajui maana ya kitambaa chekundu.

12. Kusimama. Wa mbele asimame kwa mwisho kabisa, wa nyuma asimame wa kwanza. Hendibreki, vizuizi kwenye magurudumu, halafu ndipo kamba ifunguliwe. Watu hufungua kamba kwanza kwa furaha ya kufika, na gereji nyingi ziko kwenye mteremko.

Usifanye haya

Usivute usiku kama taa za gari bovu haziwaki. Lilale lilipo, mlilinde, au muombe mwenye nyumba wa karibu.

Usivute mvua ya masika inaponyesha. Barabara ikipata mvua ya kwanza baada ya jua la siku nyingi huteleza kuliko ikishanyeshewa saa nzima, na wewe breki yako huenda haina akili ya kuachia gurudumu linapojifunga.

Usijaze abiria gari la nyuma. Kila mtu ni kilo sitini, sabini za kuzuia, na mtu pekee mwenye kazi mle ni dereva. Najua mama na watoto wana mizigo. Wapande daladala.

Msimu wa karafuu angalia kando ya barabara. Majamvi yameanikwa hapo hapo ambapo ungetaka kupumzikia. Chagua vituo vyenu kabla ya kuondoka, na ukilazimika kukanyaga jamvi la mtu, jiandae kulipa, tena bila ya ubishi.

Usikimbilie kuliwasha gari kwa kulivuta, yaani kuachia klachi likiwa kwenye kamba. Injini ikiwaka ghafla gari la nyuma linaruka mbele, na lililo mbele yake unalijua. Kama unataka kuliwasha hivyo, fungua kamba, lisukumwe na watu.

Mambo yakiharibika njiani

Kamba imekatika mkiwa mnapanda. Wa nyuma: mguu kwenye pedeli kwa nguvu zote, hendibreki juu, usukani uelekeze upande wa ukingo ulio salama. Asishuke mtu mpaka gari limesimama kabisa. Wa mbele asirudi nyuma kuja kusaidia kwa gari. Aegeshe, aje kwa miguu na vipande vya mti. Kisha tazama imekatika wapi. Ikikatika penye fundo, fundo lilikuwa baya. Ikikatika kwenye pete, kuna ukingo mkali umeikata. Zungushia kipande cha mpira wa tyubu kabla ya kufunga tena.

Kamba imeingia chini ya gurudumu la mbele la gari la nyuma. Ililegea kwenye kona. Filimbi mfululizo, wote simameni. Usijaribu kuitoa kwa kuvuta mbele, itazunguka kwenye vyuma vya usukani. Sukumeni gari la nyuma lirudi nusu mita, itoe kwa mkono.

Gari la nyuma linakwenda mshazari na usukani unavuta upande mmoja. Mara nyingi breki ya gurudumu moja imeng'ang'ania. Simama, weka kiganja karibu na kila gurudumu bila ya kuligusa. Lenye joto zaidi ndilo. Likiwa moto sana, safari ya kamba imekwisha, mwite fundi aje lilipo.

Pedeli inazama mpaka chini. Hii si ile breki nzito niliyoisimulia, ni kinyume chake, na ni mbaya zaidi. Aidha mafuta ya breki yamevuja au yamechemka. Pampu pedeli haraka haraka, inaweza kupanda kidogo, vuta hendibreki taratibu na kitufe ukiwa umekibonyeza, filimbi. Mkishasimama tazama ndani ya kila gurudumu kama kuna majimaji. Yakiwepo, kamba haina kazi tena hapo, rudi kule juu kwenye habari ya chuma na gari la kubebea.

Wa mbele analalamika kuwa gari lake linapata moto. Tazama kama hendibreki ya gari la nyuma imeachiwa yote. Mara tisa kati ya kumi utaona imebaki jino moja. Kama imeachiwa, zimeni kiyoyozi, pumzikeni, na msifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto.

Askari wa barabarani amewasimamisha. Wa mbele asikanyage breki kwa hofu ya askari, hilo ndilo linalomgongesha. Mkono nje, polepole, wa nyuma anazuia, mnasimama mbele kidogo ya alipo. Shuka, msalimie, mueleze gari limezimikia wapi na mnalipeleka gereji gani. Akiona kitambaa, kizuizi mkononi na mtu mzima kwenye usukani wa nyuma, mara nyingi mazungumzo huwa mafupi.

Na mkishafika, usimpe fundi ufunguo kabla ya kumwambia kuwa gari limevutwa, kwa kilomita ngapi, na kama breki zilitoa harufu. Pedi zilizoungua hazionekani kwa nje, na atakayelijaribu kwanza baada ya kulitengeneza atakuwa kijana wake, kwenye mteremko wa kwanza baada ya lango.